Bendera ya Mwana wa Fumi

Watu wa Mugutha walimjua Gathogo kama msimamizi wa meza za kuanikia kahawa, mtu mfupi, mkimya, mwenye mwendo wa kijeshi ambao miaka mingi ya jembe na toroli haikuweza kuuondoa miguuni mwake. Walijua pia kwamba amezika watoto wawili wa kiume, mmoja baada ya mwingine, wote kabla hawajajua hata kutamka majina yao sawasawa. Ambacho hawakukijua, na heri hawakukijua katika mwaka ule wa hamsini na saba, wakati hata kuchelewa kurudi kijijini kulitosha kumfikisha Mkikuyu kizuizini, ni kwamba chini ya kitanda chake, ndani ya debe, kulikuwa na bendera ya Kijapani.

Aliipata Burma, wakati wa vita vikuu, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Alimpiga risasi Mjapani mmoja ng'ambo ya kijito, na alipomfikia akamkuta amejifunga kitambaa tumboni, ndani ya shati. Kitambaa cheupe, katikati duara jekundu, na kulizunguka lile duara maandishi meusi ya brashi yaliyotoka kila upande, mengine yamesimama, mengine yamelala. Maafisa Wazungu walikuwa wakizinunua bendera kama zile kwa pupa. Gathogo hakuiuza. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia hajui, na mimi namwamini. Si kila anachokibeba mtu anajua anakibebea nini.

Akarudi nyumbani, akamwoa Wamboi, akaitia bendera kwenye debe na kuisahau. Mtoto wa kwanza alipokufa wakasema ni kazi ya Mungu. Wa pili alipoanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima mbio, midomo ikamgeuka rangi, na kufa vilevile, Gathogo hakumwachia Mungu lawama. Alijishika mwenyewe.

Kwa mila ya kwao, mtu akimwaga damu hupata thahu, najisi inayomng'ang'ania yeye na nyumba yake, wala haitoki kwa sabuni wala kwa machozi. Hutapikwa. Mganga wa kazi hiyo huitwa mundu mugo. Huchimba shimo dogo, akalitandika jani la mgomba, akatia maji na dawa na vya tumboni mwa mbuzi, kisha mwenye najisi hulambishwa na kutema, huku akitaja alichokifanya. Kinachotajwa hutoka. Kisichotajwa hubaki.

Alimwendea Mzee Kamande, mundu mugo aliyekaa bondeni karibu na mto Ruiru. Hii ilikuwa kabla ya hali ya hatari, wakati mtu angeweza bado kumtembelea mganga bila kuulizwa ameenda kula kiapo gani cha wapiganaji wa msituni.

"Ulirudi kutoka vitani ukaoa bila kutapika," Mzee Kamande alimwambia. "Ulifikiri damu ya mbali haina miguu?"

"Nilifikiri ya vita haihesabiwi, baba."

"Uliua nani?"

"Mjapani."

"Mjapani ni kabila. Mimi nimekuuliza uliua nani."

Hapo ndipo debe lilipotolewa chini ya kitanda. Gathogo aliitazama ile bendera na kwa mara ya kwanza akaona kwamba ni majina. Yangekuwa nini kama si majina? Lakini yalikuwa mengi kama watu wa mazishi, na mwenye bendera ni mmoja tu.

Akaenda Thika kwa Yusuf. Huyu Yusuf alikuwa koplo wake wa zamani, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, fundi wa baiskeli kwa wakati huo, na mtu asiyekubali kushindwa na swali lolote. Huko vitani aliwahi kulinda mateka wa Kijapani, na tangu hapo alijigamba kwamba lugha yao amechota kidogo. Aliitandaza bendera juu ya benchi lake lenye grisi, akaweka kidole kwenye herufi nne kubwa zilizokaa juu kuliko zote.

"Hizi nazijua," akasema. "Mateka wangu mmoja alikuwa nayo bendera yenye herufi hizi hizi. Nikamuuliza, akanisomea. Buunchokyu."

"Buunchokyu ndiyo nini?"

"Jina, bwana! Wewe ulipokuwa Keya, kwa mfuko wako wa jeshi nini iliandikwa kubwa? Si jina lako? Hawa wengine wadogo ni mashahidi tu."

"Lakini huyo wako na huyu wangu watakuwaje na jina moja?"

"Kwani hapa Thika kina Waweru ni wangapi? Wajapani pia wako na kina Waweru wao."

Nani angebishana na hilo? Gathogo alirudi Mugutha akilirudia lile jina njia nzima, lisije likamponyoka. Siku ya kutapika, Mzee Kamande alichukua kisu, akakata ukanda mwembamba kwenye ukingo wa kulia wa bendera, penye maandishi madogo madogo yasiyo na kazi, ili uwe kitambaa cha kumpangusia mdomo. Gathogo akalamba, akatema, akapiga kelele kwa moyo wake wote: "Natapika Buunchokyu!" Akalitema tena na tena hadi mganga akaridhika. Kisha ule ukanda mchafu wakautupa mtoni, ukaenda zake.

Mwaka ule ule Wamboi akashika mimba, akazaliwa msichana. Akapewa jina la mama yake Gathogo, Wakonyo, kama ilivyo desturi, na kwa desturi hiyo hiyo baba yake akamwita maitu, yaani mama. Ungemwona Gathogo enzi hizo ungecheka. Mtu mzima, koti la jeshi limemvaa, anapiga magoti matopeni anamwuliza kitoto kisicho na meno, "Maitu, umeniruhusu niende kazini?" Na kitoto kinamvuta sikio. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile, wala hakuwahi kuogopa vile.

Wakonyo alikuwa akikaribia miaka minne alipoanza kuhema.

Wamboi, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na hakuwa na subira na mashimo ya mgomba, alimbeba mgongoni hadi hospitali ya Thika. Daktari alimsikiliza mtoto kifuani kwa muda mrefu, akamsikiliza tena. Akasema moyo umezaliwa na kasoro, na huenda ndugu zake nao walikuwa vivyo hivyo. Dawa ya kupunguza maji mwilini angempa. Ya kuuponya moyo wenyewe hakuwa nayo, wala hakumjua aliye nayo nchi hii. Wamboi akarudi na chupa ya dawa na macho mekundu. Akaomba na kina mama wenzake hadi sauti ikamkauka.

Gathogo hakulia. Alikuwa amekwama kwenye swali moja kama gurudumu kwenye tope: kama nilitapika, kwa nini?

Wiki zile zile dada yake Mzungu mwenye shamba la kahawa akaja kukaa shambani, mwanamke wa makamo aliyeitwa Memsaab Merrick. Gathogo na wenzake wakatumwa kubeba masanduku yake. Alipoingia sebuleni na sanduku kichwani, akaona ukutani karatasi ndefu imetundikwa, na juu yake maandishi meusi ya brashi. Akasimama hapo hapo.

"Weka chini, bwana, weka chini," memsaab akasema. "Wewe naona nini?"

"Memsaab, hiyo ni ya Japani?"

"Ndiyo. Mimi nalizaliwa uko. Baba yangu alikuwa padre ya uko." Akamtazama vizuri. "Wewe najua aje?"

Gathogo akasema alikuwa Keya. Zaidi ya hapo hakuthubutu.

Nyumbani Wamboi alimwambia wazi, kwa hofu iliyogeuka hasira: "Wewe una wazimu. Kitambaa chenye doa jekundu na majina ya watu yamezunguka, umpelekee Mzungu mwaka huu? Watasema ni kiapo. Watakunyonga, na mimi nizike wawili."

Alisema kweli, na Gathogo alijua amesema kweli. Lakini mtoto alikuwa amelala mlangoni juani, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi, miguu imevimba. Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi alijifunga bendera tumboni, ndani ya shati, akapita mbele ya walinzi wa geti la kijiji huku jasho likimtoka hadi visigino. Hawakumpapasa. Walimwonyesha njia tu kwa rungu.

Memsaab Merrick alipoiona bendera hakupiga kelele. Aliomba iwekwe mezani, akanawa mikono, akaketi.

"Toka kwa mtu ya Burma?"

"Ndiyo, memsaab."

"Wewe naua yeye?"

"Ndiyo."

Memsaab akaanza kusoma, akiizungusha bendera kidogo kidogo, kidole hakigusi nguo. "Huyu mwalimu ya shule. Hawa wane nakimbia mbio na yeye, timu moja. Huyu jirani, nasema, 'Mpunga yako tutavuna sisi, usijali.' Huyu mutoto kidogo, ona, naandika mbaya mbaya, najaribu." Akafika chini kabisa, penye maandishi membamba. "Huyu mama yake. Jina yake Fumi. Yeye haandiki maneno ya vita. Nasema, 'Usilale na nguo ya maji.'"

Gathogo akanyoosha kidole juu. "Na Buunchokyu, memsaab? Hizi kubwa?"

"Ah, hiyo si mtu. Hiyo ni baraka. Bendera yote naandikwa hivyo, kwa kila askari. Maana yake, bahati yako ya vita ikae, ikae siku mingi, isikwishe."

Nataka uelewe kilichompata mtu yule pale. Alikuwa amekaa miaka mitano akiamini amelitema jina la maiti. Kumbe alisimama mbele ya mganga, akavuta pumzi, akaitapika bahati. Aliitoa nyumbani mwake kwa kelele, mara nyingi, na kuifukuza hadi mtoni. Akaketi sakafuni kwa Mzungu bila kuambiwa keti.

"Jina lake mwenyewe liko wapi?" akauliza kutoka pale chini.

"Jina ya mwenyewe naandikwa pembeni, uku kulia, kidogo kidogo. 'Kwa fulani.' Lakini uku nakatwa na kisu." Memsaab akainua kichwa. "Nani nakata?"

Gathogo aliutazama ule ukingo uliokatwa. Kwa jina lenyewe walikuwa wamepangusa mdomo.

Memsaab hakuwa mtu mbaya. Alisema bendera ina jina la shule na la wilaya, kwa hiyo ataandikia rafiki za baba yake, watu wa kanisa kulekule Japani, wamtafute Fumi. Akayanakili maandishi yote kwenye karatasi, moja moja, hadi lile la mtoto. Lakini itachukua miezi, akaonya.

"Mtoto wangu hana miezi, memsaab."

"Pole. Pole sana. Lakini hii bendera, sikia, usipoteze. Mama yake tutapata. Yeye atataka."

"Ndiyo, memsaab," Gathogo akasema, akajifunga bendera tena tumboni.

Njiani, kati ya mistari ya mikahawa, lilimjia. Baba yake alikuwa na wake watatu, na utotoni hakuna aliyemwita Gathogo peke yake. Akina Gathogo walikuwa wawili katika boma lile. Yeye aliitwa Gathogo wa Wakonyo, na mara nyingi wa Wakonyo tu, ikatosha. Nyumba ni ya mama, na mtoto hujulikana kwa nyumba aliyotoka. Mwana wa Fumi! Hilo si kipande cha jina. Kwao hilo ni jina zima, mbele ya wazee na mbele ya wafu. Alianza kukimbia, na kidogo kidogo akaanza kulia huku akikimbia, kwa kuwa aliona mlango wa kutokea.

Mzee Kamande alikuwa amezeeka na ameingia woga. Mara hii hakukuwa na mbuzi wa kuonekana wala moshi. Walijificha bondeni mchana, wakati kijiji kizima kiko kwenye mavuno ya kahawa, na vya tumboni vya mbuzi vikaletwa ndani ya kibuyu cha maziwa.

"Uliua nani?"

"Mwana wa Fumi."

Mzee akalipima jina hilo. Akatikisa kichwa kukubali. "Tapika."

"Natapika mwana wa Fumi. Natapika damu yake. Natapika mimi niliyemuua."

Ilipokwisha, Mzee Kamande akanyoosha kidole kwenye bendera. "Na hiyo. Yote. Mara ile tulikosea kuirudisha nyumbani. Najisi haiwekwi akiba."

"Ina mwenyewe, baba. Mama yake yuko."

"Basi mpelekee yeye najisi, umalizie nyumba yake. Au irudishe kwako, umalizie ya kwako."

Sitampamba Gathogo. Hakusita. Alimfikiria mama wa Japani kwa kitambo kidogo kama kupepesa jicho, akamfikiria maitu aliyelala mlangoni, akaitupa bendera mtoni. Ilifunguka juu ya maji, duara jekundu likaonekana mara moja, likazama penye povu.

Siku zilizofuata Wakonyo aliomba viazi. Alikula, akacheka, akamvuta baba yake sikio. Wamboi alimshukuru Mungu, Gathogo akashukuru alikojua yeye, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hawakugombana. Kisha mchana mmoja, mwezi wa pili tangu siku ile ya bondeni, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake anachezea vifungo vya gauni, alihema mara tatu au nne kwa nguvu, akaacha.

Wamboi hakupiga mayowe mara moja. Alimtazama mumewe aliyekuja mbio kutoka meza za kahawa, akasema maneno ambayo Gathogo aliishi nayo hadi uzeeni: "Siku ile uko bondeni na mzee wako, mtoto alikuita kutwa nzima. Ulikuwa unatafuta jina la aliyekufa, na huyu anakuita." Ndipo akapiga mayowe, na majirani wakaja.

Kaburi alichimba mwenyewe. Vijana walipomfuata na majembe aliwafukuza kwa matusi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitukana.

Wiki haikuisha kabla Memsaab Merrick hajaja kwenye meza za kuanikia, anatembea upesi kati ya kahawa, ana karatasi mkononi, uso umemng'aa. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za msiba. Nani angemwambia?

"Gathogo! Fumi iko! Nazeeka, lakini iko hai. Serikali yake nampa sanduku kidogo nyeupe, naambia hii mifupa ya mutoto yako. Yeye nafungua. Ndani jiwe tu, jiwe moja. Miaka yote hii iko na jiwe. Nasema hataki kitu ingine, hataki hasira, nataka ile kitambaa tu. Na jina ya mutoto yake—"

"Usiseme, memsaab."

"Lakini wewe nauliza—"

"Sasa usiseme."

Akamtazama bila kuelewa. "Haya. Lete bendera, basi."

"Imeenda na maji."

Uso wa memsaab ulibadilika. Alimwita mjinga, kisha akamwita mwongo, kisha akasema maneno ya Kiingereza ambayo Gathogo hakuyafuata. Wachambuaji kahawa waliinamisha vichwa. Gathogo alisimama wima kama alivyofundishwa na Keya, mikono pembeni, hadi akamaliza.

"Memsaab," akasema, "andika."

"Niandike nini sasa?"

"Mwambie mwanawe hakuachwa nje. Nilimzika mimi."

Memsaab akatafuta kalamu mfukoni, akaigeuza karatasi. Hasira yake ilikuwa imekatika ghafla.

Na ukweli ni huu: ng'ambo ya kile kijito hakuna Mjapani aliyezikwa. Kikosi kilipewa amri ya kusonga mbele, na yule kijana aliachwa chali penye nyasi, shati limefunguliwa, wala Gathogo hakugeuka kumtazama mara ya pili.

"Nilichimba hadi kifuani," alisema, polepole, ili kalamu imfikie, "kwa sababu udongo wa juu ni laini na fisi wanafukua. Sikutaka mtu anisaidie. Nilimbeba mwenyewe. Hakuwa mzito. Nilimlaza kwa ubavu, vile analala siku zote, mkono chini ya shavu. Nilimfunika na blanketi yake. Nikarudisha udongo na mikono kwanza, jembe baadaye, usimwangukie kwa nguvu. Nikapanga mawe. Mwambie hapo ni pazuri, kuna mukinduri, asubuhi unampa kivuli."

Kalamu ikasimama. Memsaab alikuwa mgeni shambani pale, lakini mukinduri aliujua. Ulikuwa ule mti wa huku kwetu, si wa Burma, uliopandwa kuzunguka kile kijiji cha wafanyakazi, na dirisha lake lilitazama ule uliokuwa nyuma ya nyumba ya Gathogo. Alimtazama mtu yule usoni. Akateremsha macho hadi viganjani, palipokuwa na malengelenge mabichi yaliyopasuka, ya mtu aliyechimba juzi juzi.

"Gathogo," akasema kwa sauti ndogo, "jina yake nani?"

"Wakonyo."

Memsaab akainamia karatasi, akaandika kwamba kuna mti.